Nilimfungia Mama Mlango, Mwanawe Akimwita

Nilikosa mimi. Si hospitali, si daktari, wala si upungufu wa vifaa. Nimeligeuza jambo hili kila upande nikitafuta wa kugawana naye lawama, sikumpata. Nisikilize kwanza, kisha unitukane ukipenda. Mimi mwenyewe nimejitukana hadi nimechoka.

Ni muuguzi. Nafanya kazi katika kitengo cha dharura cha hospitali moja hapa Dodoma. Siitaji, kwa sababu haikunituma kufanya nilichofanya.

Ila lazima unijue mimi ni mtu wa namna gani, la sivyo hutaelewa nilivyoanguka.

Mimi sikubebwa na mtu. Nilizaliwa kijijini, upande wa Bahi, wazazi wakafariki nikiwa mdogo, nikalelewa na bibi kwa ugali wa uwele na mlenda. Shule nimesoma huku nikiuza zabibu kwa abiria wa mabasi, nakimbia dirisha hadi dirisha na sinia kichwani. Stashahada yangu ya uuguzi niliipata kwa kufyatua matofali kila likizo, wakati wenzangu wanaenda kwao kupumzika. Walikuwa na baba zao. Mimi nilikuwa na mikono yangu. Nalisema hili kifua mbele, hata leo.

Halafu nikaenda Ghuba. Nikafanya kazi miaka kadhaa katika hospitali ambayo sakafu yake inang'aa hadi unaweza kunyolea ndevu kama kioo. Nikarudi na vyeti vya mafunzo, Kiarabu cha kutosha kusalimia na kuombea maji, na nikajenga Miyuji nyumba ya vigae. Mtaani wakaanza kuniita Dokta. Mimi si daktari, ila sikumsahihisha hata mmoja. Nilikuwa nalisikia jina hilo linavyoteremka kooni kama asali!

Sasa tuje kazini.

Kwetu mgonjwa anapozidiwa, pumzi inakata au moyo unasimama, sisi tunamzunguka. Huyu anakandamiza kifua, huyu anasukuma hewa, huyu anatafuta mshipa. Ni kazi ya jasho na makelele, na mtu asiyeijua anaweza kudhani tunampiga mgonjwa. Swali lililokuwa linatugombanisha ni moja: ndugu yake awe wapi wakati huo?

Hapakuwa na kanuni. Aliye zamu ndiye aliyeamua. Wengine waliwaacha ndugu waingie, ili waone tunavyohangaika wasije wakasema tumemuua mtu wao. Wengine waliwafukuza, wakiogopa mtu kuzimia, au kumrukia mgonjwa, au kurekodi kwa simu halafu jioni tumeenea mitandaoni.

Matroni akaitisha kikao tulimalize.

Sista Rehema ndiye aliyeanza. Huyu ni muuguzi mwenzangu, mtu wa Makole, Muislamu, mwenye maneno machache lakini yenye pilipili. Alisema, "Mimi naona aingie ndugu mmoja. Mmoja wetu asimame naye, amweleze kinachofanyika. Mgonjwa akipona, amemwona. Akifa, amemwona."

Dokta kijana wa zamu yetu akatikisa kichwa. "Sista, nikwambie ukweli. Natafuta mshipa, mama mtu analia nyuma ya shingo yangu, mkono wangu unatetemeka. Atakayeumia ni mgonjwa."

"Utatetemeka leo, kesho utazoea," Rehema akamjibu. "Mbona hata harusi yako ulitetemeka na mke ukampata?"

Watu wakacheka. Dokta naye akacheka. Nikaona kikao kinataka kuteleza upande wake, nikasimama. Mimi huwa nikisimama, nasimama kweli.

"Jamani, tuache mambo ya kienyeji," nilisema. "Kule nilikokuwa, ndugu haingii. Kuna mstari mwekundu sakafuni. Hata awe waziri, anaishia pale. Ndiyo maana wenzetu wamefika mbali."

"Kumbe walifika mbali kwa mstari?" Rehema akauliza.

"Kwa utaratibu, Sista. Kitu ambacho hapa hatukijui."

Matroni akaandika. Nikashinda! Nikaenda kununua utepe mwekundu mimi mwenyewe, nikaubandika sakafuni mbele ya mlango wa chumba cha wagonjwa mahututi wa dharura, nikaupiga picha nikawatumia rafiki zangu wa Ghuba.

Naomba uliweke akilini jambo ambalo kikao hakikulijua. Mstari ule kule Ghuba ulikuwepo, sikudanganya. Lakini nyuma yake palikuwa na mtumishi ambaye kazi yake ni kukaa na ndugu, kuingia na kutoka, kuwaambia kila hatua. Na ikionekana mgonjwa anaelekea kufa, ndugu mmoja alivalishwa joho la hospitali akaingizwa amtamkishe shahada sikioni, ili hayo ndiyo yawe maneno yake ya mwisho kuyasikia duniani. Niliyaona kwa macho yangu mara nyingi. Niliona hata wagonjwa wasioweza tena kusema wakiinua kidole cha shahada kuitikia.

Sikuyasema kikaoni. Kwa nini? Kwa sababu yangempa Rehema ushindi. Basi! Hakuna sababu nyingine ya maana. Nilileta nusu ya utaratibu wa watu, nikaacha nusu yenye huruma.

Haikupita muda mrefu.

Ilikuwa asubuhi ya upepo, ule upepo wetu unaoingiza vumbi hadi kwenye meno. Bajaji ikaja mbio hadi mlangoni. Ndani yake alikuwa fundi seremala wa Chang'ombe, jina nitamwita Idrisa, mwanamume wa makamo, pumu imemkamata. Alikuwa anavuta hewa kwa mabega, kwa shingo, kwa tumbo, na hewa haiingii. Mama yake, nitamwita Bi Zainabu, alikuwa amempakata kichwa kama mtoto mchanga.

Tukampokea, tukamkimbiza ndani. Mama akafuata na kanga yake inaburuzika. Nikamwahi kwenye utepe.

"Mama, shikamoo. Ishia hapo."

"Marahaba, baba. Huyo ni mwanangu."

"Najua, mama. Tunamshughulikia. Utaratibu hauruhusu ndugu."

"Sitashika kitu. Nitasimama pale ukutani, hata hamtaniona."

"Mama, ukitaka apone, tuachie nafasi."

Hebu niambie, ni mama gani atabishana na maneno hayo? Akarudi nyuma. Akasimama miguu ikigusa utepe, hakuuvuka. Alikuwa mtii kuliko sisi tuliosomea utaratibu.

Ndani mambo yalikuwa magumu. Tulimwekea dawa ya kuvuta na oksijeni, Dokta anahangaika na sindano, mshipa unakimbia. Nikambana Idrisa kile kibanio cha kupimia oksijeni kwenye kidole cha mkono wa kushoto uliokuwa upande wangu. Namba kwenye mashine hazikunipendeza.

Idrisa akainua barakoa ya oksijeni.

"Mama," alisema. Akavuta pumzi. "Mwiteni mama."

Nikamrudishia barakoa usoni. "Tulia, kaka. Usiongee, unapoteza pumzi."

Akaiinua tena. "Mama yuko wapi?"

"Yuko nje. Tulia."

Rehema, aliyekuwa upande wa kichwani, akanitazama. "Anamtaka mama yake. Yuko hapo mlangoni."

"Tuna utaratibu, Sista."

"Mtoto wa watu anaomba mama, wewe unanisomea utaratibu?"

"Tulikubaliana kikaoni," nikasema.

Dokta hakuinua kichwa, jasho linamdondoka puani. Sikumpa nafasi ya kuamua. Nilijifanya mimi ndiye mwenye chumba.

Kisha Idrisa akaanza kubadilika. Wanaofanya kazi hii wanaijua ile hali. Mgonjwa anaacha kupigana, ukiwa mgeni unadhani amepata nafuu, kumbe amechoka. Sauti ya kifua inapungua kwa kuwa hewa haipiti kabisa. Nikatoka mbio kuchukua mtungi mwingine wa oksijeni uliokuwa karibu na mlango.

Bi Zainabu akanishika mkono wa koti.

"Mwanangu, nimeona uso wako. Anaondoka?"

Nikauinamia mtungi.

"Basi niingie nimtamkishe shahada. Neno moja tu, sikioni. Nikimaliza natoka, nakuapia."

Hapo ndipo nilipopewa nafasi, ndugu msomaji. Ningesogea kidogo tu pembeni. Mlango ulikuwa wazi, mwanawe alikuwa bado anasikia. Badala yake nikasema maneno ambayo hadi leo yananiamsha.

"Nitamtamkisha mimi, mama."

Akanikazia macho. "Wewe ni Muislamu?"

"Hapana. Ila nayajua maneno. Nimekaa Uarabuni."

Akanishika mkono kwa mikono yake yote miwili. Mikono ilikuwa ya baridi. "Mungu akulipe, mwanangu. Sikio la kulia. Taratibu, asikie."

Nikaitikia kwa kichwa. Nikaingia. Nikafunga mlango.

Moyo wa Idrisa ulisimama. Nikapanda kwenye kibao cha kukanyagia kando ya kitanda nikaanza kukandamiza kifua. Rehema anasukuma hewa, Dokta anaamuru dawa. Tulijitahidi! Kwa hilo sitajidharau. Mikono yangu inajua kazi, na siku ile ilifanya yote iliyofundishwa.

Utaniuliza kama nilisahau ahadi. Sikusahau! Laiti ningesahau! Nilikumbuka tangu mwanzo. Sikio lile lilikuwa karibu kabisa na mdomo wangu, nikiinama kidogo tu nafika. Lakini Rehema alikuwa pale pale. Nikaona aibu. Baada ya majigambo yangu yote kikaoni, leo anione naminya sauti kwenye sikio la mgonjwa kwa ombi la ndugu? Nikajiambia, mgonjwa akirudi nitamwambia. Ngoja arudi kwanza.

Hakurudi.

Dokta akasema tuache. Akavua glavu, akaenda kugeukia ukuta. Ndipo nikajiambia, sasa hata nikisema haisaidii. Nikavuta shuka.

Nikatoka nje na Rehema nyuma yangu. Bi Zainabu alikuwa palepale kwenye utepe.

"Mama, pole sana. Tumejitahidi."

Hakulia. Midomo yake ilisogea, akasoma kitu kimyakimya. Kisha akaniuliza swali moja tu.

"Ulimwambia?"

Nikasema, "Nilimwambia, mama."

Hapo sasa ndipo akalia. Alilia kwa shukrani, jamani! Alinikumbatia. Juu ya bega lake nikaona macho ya Rehema. Nikayakwepa.

Ungedhani mtu mwenye akili angeishia hapo. Mimi niliendelea kuupalilia uongo ule kama shamba.

Baada ya mazishi Bi Zainabu alikuja kazini na mjukuu amebeba hotipoti ya pilau. Akauliza alipo yule kijana aliyekuwa Uarabuni. Mbele ya matroni, mbele ya wagonjwa waliopanga foleni, akasema, "Huyu ni Mkristo, lakini alimtamkisha mwanangu shahada kwa mdomo wake. Mimi nina mtoto mwingine leo." Watu wakapiga makofi. Matroni akaniambia mbele ya wote kwamba ananifikiria kuwa kiongozi wa zamu.

Nikainamisha kichwa kama mnyenyekevu. Ndani nilikuwa nacheza ngoma!

Akawa ananiita kwake Chang'ombe. Naketi kwenye mkeka, naletewa chai ya tangawizi na vitumbua. Ananiita mwanangu, ananiuliza kama nimekula, ananikemea nikikonda. Mimi niliyejisifu kwamba sikulelewa na mtu, nikajikuta Ijumaa nikitoka kazini miguu inaelekea huko yenyewe. Sikuwahi kuwa na mama wa kunikumbuka. Nikampata kwa wizi.

Naye kila siku alitaka kusikia kidogo zaidi. "Alikuelewa, mwanangu?" Alinielewa, mama. "Alitulia?" Alitulia. Nikaona uso wake unavyolegea nikijibu, nikawa naongeza. Midomo yake ilisogea, mama. Alikuwa kama anatabasamu.

Rehema alinikuta siku moja tunabadilisha nguo za kazi. "Bado unakula pilau ya marehemu?"

"Inakuuma nini? Mama wa watu anapata usingizi."

"Anaulalia uongo wako. Siku uongo huo ukivunjika, atakayeanguka ni yeye. Wewe utasimama."

"Basi mwambie wewe."

"Sitamwambia. Mdomo uliomdanganya si wangu."

Nikaenda zangu huku natukana moyoni. Wivu, nilisema. Hawa waliobaki hapa hapa hawapendi kuona mtu amerudi juu.

Ikafika hitima ya arubaini. Nyumba ya Bi Zainabu ilijaa. Wanaume kwenye mikeka uani, wanawake ndani na barazani, shehe ameketi karibu na mlango. Kisomo kikaisha, watu wakala. Bi Zainabu akatokeza barazani na kanga yake kichwani, akasema, "Dokta wetu yupo. Mwanangu, hebu wasimulie hawa wazee wenyewe. Mimi nikisimulia naishia njiani."

Nikasimama. Nilikuambia, mimi huwa nikisimama, nasimama kweli.

Nikasimulia vizuri, Mungu anisamehe. Nilivyoinama, nilivyotamka taratibu, sikio la kulia. Wazee wakawa wanatikisa vichwa. Kimya kile cha watu wanaokusikiliza kilinilevya. Nikaona hadithi inahitaji kilele. Nikakumbuka wagonjwa wa Ghuba.

"Na yeye, wazee wangu, alikuwa hawezi tena kusema," nikasema. "Lakini aliinua kidole chake cha shahada, hivi."

Nikainua kidole changu cha mkono wa kulia, kile kinachofuata gumba.

Nilidhani wameguswa. Mwanamume mmoja mwenye ndevu, baba mdogo wa Idrisa, akamgeukia mwenzake. Shehe akatazama chini.

Bi Zainabu akashuka ngazi ya baraza. "Kidole kipi, mwanangu?"

"Hiki, mama."

"Mkono upi?"

"Wa kulia."

Hakuwa na hasira. Alikuwa anatazama kama mtu anayetafuta kitu kwenye uso wangu na hakioni.

"Idrisa hakuwa na kidole hicho," akasema. "Kilikatwa na randa ya umeme akiwa anajifunza kazi. Hapa kila mtu anajua. Waliomwosha wanajua."

Loo! Natamani ningekueleza nilichosikia wakati ule, lakini sikusikia kitu. Nilikaa na mwili wa mtu yule, nikamkandamiza kifua hadi jasho langu likamdondokea, nikamfunika shuka, na sikuwahi kuuona mkono wake wa kulia! Nilimwona kifua na namba za mashine. Mtu mwenyewe sikumwona.

Baba mdogo akainuka. "Huyu mbwa ametufanya wajinga nyumbani kwetu!"

"Kaa chini," Bi Zainabu akamwambia. "Ni mgeni wangu, nilimwalika mwenyewe." Kisha akanigeukia. "Sema sasa ya kweli. Mbele yao hawa hawa."

Nikasema. Kwamba sikutamka neno. Kwamba nilikumbuka na nikaona aibu mbele ya mwenzangu. Kwamba mlango niliufunga mimi, na kanuni ile niliileta mimi.

"Yeye alisema kitu?" akauliza.

Hapa ningeweza kudanganya tena. Nilitamani. Hakuna kidole kingine cha kunikamata.

"Alisema, mwiteni mama."

Ndani ya nyumba mwanamke mmoja akapiga ukelele.

"Mara moja?"

"Mara ya pili aliuliza, mama yuko wapi."

"Ukamwambiaje?"

"Nilimwambia uko nje, atulie. Nikamrudishia barakoa."

Bi Zainabu akaketi kwenye ngazi. Polepole, mkono ukitafuta ukuta. Wanawake wakamjia, akawasukuma.

"Ya shahada yaache," alisema. "Mwanangu alikuwa anaswali, Mola wake anamjua, hilo halikuwa mkononi mwako hata ungejivuna vipi. Lakini aliniita. Mimi nipo mlangoni, navisikia hata viatu vyenu vinavyolia sakafuni, na yeye ananiita. Ameondoka anajua nilikuwepo nikakataa kuingia."

Nikapiga magoti. Nikasema mama, nisamehe.

"Nenda, Dokta," akasema.

Lile neno "mwanangu" lilikuwa limekwisha.

Nikatoka katikati ya mikeka, watu wakikunja miguu nisiwaguse.

Kesho yake nilikwenda kwa matroni, nikamweleza yote, na ile nusu ya Ghuba niliyoificha. Alinisikiliza kalamu ikiwa mkononi, hakuandika. Uongozi wa zamu haukutajwa tena. Nilipewa karipio, na nilistahili kubwa zaidi.

Kikao kikaitishwa upya. Usidhani watu wote waligeuka. Dokta kijana alisema bado anaogopa ndugu nyuma yake, na sababu zake ni za kweli. Mwingine akauliza, zamu ikiwa na wauguzi wachache, nani atasimama na ndugu? Hata hilo ni kweli. Rehema hakunicheka, wala hakunitetea. Mwisho tukakubaliana ndugu mmoja aulizwe kama anataka kuingia, na mmoja wetu awe naye bega kwa bega. Tangu hapo kaka mmoja amezimia akaangusha stendi ya dripu, na mke mmoja alitupigia kelele hadi tukamtoa. Lakini wapo pia walioshika mguu wa mtu wao hadi mwisho, wakatoka wametulia, wakatushukuru kwa kitu walichokiona wao wenyewe.

Utepe niliubandua mimi kwa kucha. Gundi yake ilibaki sakafuni muda mrefu.

Kwa Bi Zainabu nimekwenda tena na tena. Nabisha hodi, mjukuu anatoka, anasema bibi hayupo, na ndani nasikia kikohozi chake. Safari ya mwisho mjukuu aliniletea ujumbe, akiusema kama alivyofundishwa: "Bibi amesema hakulaani. Amesema ila usimwite mama."

Nimeukubali. Nikikutana naye sokoni namwambia shikamoo, naishia hapo. Ananiitikia marahaba, anapita. Nyumba ya vigae ninayo. Vyeti ninavyo. Ijumaa nikitoka kazini, sina pa kwenda.

Sasa nasema na ninyi wenzangu wa mavazi meupe, hasa tuliorudi kutoka mbali na masanduku yaliyojaa mambo ya watu. Usilete kanuni uliyoikata nusu. Usimwahidi ndugu jambo ambalo hutalifanya, na kama hukulifanya, mwambie hukulifanya, hata kama uso wake unakuomba uongo. Anaweza kuumia leo. Ukimdanganya, utamuumiza siku ambayo alikuwa anaanza kupona.

Na wewe unayesimama nje, umeambiwa usubiri, usiogope koti jeupe. Uliza mtu wako anasema nini. Uliza kama anakuita. Hiyo si fujo, ni haki yako kuuliza.

Mtu anayekata roho akiita, jamani, aitiwe anayemwita! Kama yuko Singida, pigeni simu mumwekee sikioni. Kama yuko mlangoni, fungueni.